Kujianika Uchi mbele ya Asiyetaka: Saikolojia ya Mtendaji na Macho ya Jamii

Kujianika uchi, kwa maana inayotumika katika tiba ya akili, ni tabia ya mtu kuonyesha sehemu zake za siri kwa mtu asiyemjua na asiyetarajia, ili ajipatie msisimko wa kingono. Utupu peke yake hautoshi kuitwa hivyo. Watu huvua nguo mbele ya wenzao mtoni, kwenye chumba cha daktari, kwenye mabafu ya mabweni na vyumbani mwao, na hakuna anayedhurika. Tofauti iko kwenye ridhaa. Anayetazamishwa hakuulizwa, na mara nyingi kule kutoulizwa ndiko kunakompa mtendaji ladha anayoitafuta. Uchambuzi unaoanza na urefu wa sketi au ubanaji wa suruali umeanza mahali pasipo pake.

Jina la kitabibu, ekzibishonizimu, lilibuniwa na daktari Mfaransa Charles Lasègue katika makala aliyoichapisha mwaka 1877. Lasègue alikuwa na kazi ya kuchunguza akili za watu waliokamatwa na polisi wa Paris, na kilichomshangaza ni aina ya watuhumiwa hao. Hawakuwa walevi wala vichaa. Walikuwa watu wenye kazi na heshima zao, waliokwenda mahali palepale saa zilezile, wakasimama kwa mbali, wakajifunua bila kusema neno wala kusogea, kisha wakaondoka. Mwaka 1886 Richard von Krafft-Ebing akaiweka tabia hiyo katika Psychopathia Sexualis, kitabu kilichochangia sana kuyatoa mambo ya namna hii kwenye daftari la polisi na kuyapeleka kwenye meza ya daktari.

Kabla ya hapo sheria ndiyo iliyokuwa na kauli. Mwaka 1663 mahakama ya London ilimtoza faini Sir Charles Sedley kwa kujianika uchi kwenye roshani ya nyumba ya pombe, mbele ya umati uliojaa barabarani, na kesi yake ikahesabiwa kuwa msingi wa kosa la kuvunja adabu hadharani katika sheria ya Kiingereza. Sedley alikuwa mlevi mwenye kiburi, si mtu wa aina aliyoieleza Lasègue. Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 ilimtaja waziwazi mwanamume anayejifunua kwa nia ya kumtukana mwanamke, lakini ikamweka fungu moja na wazururaji na wapiga ramli za viganja. Urithi wa sheria hiyo ni mzito kuliko unavyoonekana: uliwazoesha askari na mahakimu kuliona jambo hili kama kero ya mitaani, badala ya shambulio dhidi ya mtu fulani.

Leo miongozo miwili ndiyo inayotumika zaidi katika uchunguzi. Wa kwanza ni DSM-5 wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, uliotoka mwaka 2013. Wa pili ni ICD-11 wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022. DSM-5 ulifanya jambo la maana: ulitenganisha mvuto na ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na hamu isiyo ya kawaida, ambayo wataalamu huiita parafilia, asiwe mgonjwa. Anahesabiwa mgonjwa pale hamu hiyo inapokuwa kali na ya kujirudia kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na ama ameitekeleza kwa mtu asiyeridhia, ama inamtesa mwenyewe au kuvuruga kazi na mahusiano yake. Kwa kipimo hicho, mke na mume wanaofurahia kutazamana hawamo. Wala hawamo Wajerumani wanaokwenda kwenye fukwe za watu wasiovaa nguo, desturi iliyoanza kujipanga kwa vyama mwishoni mwa karne ya 19. Anayezijua fukwe hizo anajua kwamba kanuni zake ni kali: kukodolea watu macho ni utovu wa adabu, na anayeonyesha dalili za ashiki huambiwa aondoke.

Kundi jingine lisilohusika ni wagonjwa wa saikosisi, yaani waliopoteza uhusiano na uhalisia, na hili linastahili kusemwa kwa mkazo katika miji ya Afrika Mashariki. Mtu anayeonekana akitembea uchi sokoni au kando ya barabara kuu mara nyingi ni mgonjwa aliyekatiza dawa na asiye na wa kumtunza. Hatafuti macho ya mtu, na wala hajui kama anatazamwa. Kumcheka, kumpiga picha na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ni kumdhulumu mara ya pili. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa wa bipola aliye katika kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, mlevi aliyepoteza fahamu za adabu, au mzee aliyepatwa na ugonjwa unaonyausha sehemu ya mbele ya ubongo, ambako ndiko kwenye breki za tabia. Hata baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson huweza kulegeza breki hizo. Kwa sababu hiyo, mzee wa miaka 60 anayeanza kujifunua ghafla, hali maisha yake yote alikuwa mtu wa stara, anahitaji kupimwa ubongo kabla ya kuhukumiwa. Hamu halisi ya kujianika huanza mapema, mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima, na kwa wengi hupungua baada ya umri wa miaka 40.

Idadi ya wenye hamu hii ni vigumu kuipata kwa kuhesabu mashtaka, kwa kuwa wengi hawashitakiwi. DSM-5 unakadiria kwamba ugonjwa wenyewe hauzidi asilimia 2 hadi 4 ya wanaume. Utafiti bora zaidi uliohusu watu wa kawaida ulifanywa Sweden mwaka 1996, kisha Niklas Långström na Michael Seto wakauchambua katika makala ya mwaka 2006. Miongoni mwa watu 2,450 wenye umri wa miaka 18 hadi 60, asilimia 3.1 walikiri kwamba angalau mara moja walisisimka kwa kuonyesha sehemu zao za siri kwa mtu wasiyemjua. Waliokiri walikuwa pia na matatizo zaidi ya kisaikolojia na matumizi zaidi ya pombe na dawa za kulevya. Takwimu hizo ni za Sweden, na haifai kuzihamishia Dodoma au Kisumu kana kwamba binadamu wote wanaishi chini ya macho ya aina moja.

Tendo lenyewe lina mpangilio ambao waliotibiwa huueleza kwa namna zinazofanana. Siku huanza vibaya: ugomvi nyumbani, kukaripiwa na bosi mbele ya wenzake, au uvivu wa siku isiyo na kazi. Wazo linaingia, anatahayari, analisukuma pembeni. Baadaye anatoka kwenda kununua vocha, kumbe njia aliyoichagua ni ile ndefu inayopita nyuma ya ukuta wa hosteli. Anajiambia kwamba hafanyi kitu, anapita tu. Anakagua pa kukimbilia. Anasubiri mpaka apite mwanamke peke yake. Tendo lenyewe huisha kwa sekunde chache, na muda wote huo macho yake yako usoni kwa yule mwanamke. Anausoma uso: umeshtuka, umeogopa, umekasirika, au, kama anavyojidanganya, umevutiwa. Mwanamke akipita bila kubadilika uso, tendo limeharibika. Kisha kinakuja kitulizo kifupi, na baada yake aibu nzito, kiapo cha kutorudia, pengine toba ya machozi. Wiki kadhaa zikipita, uvivu au ugomvi mwingine unaufungua mlango uleule. Gene Abel na wenzake, waliowahoji kwa siri wanaume 561 wenye parafilia mbalimbali nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1987, walikuta kwamba wanaojianika walikuwa na wastani wa matendo mamia kwa kila mmoja. Idadi hiyo inavunja dhana kwamba aliyekamatwa mara ya kwanza ametenda mara ya kwanza.

Kwa nini mtu, mara nyingi mwenye mke na watoto, aufuate mzunguko huo? Sigmund Freud, katika insha zake za mwaka 1905, aliona hapo mabaki ya furaha ya utotoni ya kujionyesha, pamoja na wasiwasi wa mwanamume anayetaka kuhakikishiwa na mshtuko wa mwingine kwamba uanaume wake upo. Maelezo hayo yamebaki yakivutia waandishi kuliko matabibu, kwa sababu hayapimiki. Yaliyofuata yalikuwa na miguu imara zaidi. Kurt Freund, daktari mwenye asili ya Chekoslovakia aliyefanya kazi Toronto, aligundua kwamba kuchungulia watu kwa siri, kujianika, na kujisugua kwa watu kwenye msongamano hukutwa mara nyingi kwa mtu mmoja. Akapendekeza kwamba hatua za kawaida za kumtongoza mtu, yaani kumtafuta, kumwelekea kwa sura na maneno, kumgusa, na hatimaye kujamiiana, zimeachana. Moja imevimba na kujitegemea, na nyingine zimesinyaa. Kwa mtazamo huo, anayejianika amekwama kwenye hatua ya kujitambulisha, akaifanya kwa umbo lililopotoka.

Wanasaikolojia wa mafunzo ya tabia wana jibu rahisi zaidi. Tukio la kwanza huweza kuwa la bahati au la upuuzi, lakini mtu hulirudia kichwani mwake kila anapojichua, na kila marudio huufunga mvuto kwenye tukio hilo. Mwishowe njia nyingine za kuridhika hufifia. Nadharia ya Freund inaeleza vizuri kwa nini tabia hizi huambatana. Ya mafunzo inaeleza kwa nini ni ngumu kuziacha. Inayokosekana katika zote mbili ni maisha ya mtu mwenyewe: upweke, kutojua kuanzisha mazungumzo na mwanamke kwa usawa, hasira aliyoimeza kwa miaka, na imani kwamba mwanamke akiwa barabarani ni wa kila mtu. Imani hiyo ya mwisho haikutoka kwenye ubongo uliougua. Ameifunza kwenye jamii yake.

Suala la wanawake hutajwa kwa haraka katika vitabu vingi, na haraka hiyo inapotosha. Kliniki karibu hazina wagonjwa wanawake wa aina hii, lakini katika takwimu za Sweden asilimia 2.1 ya wanawake walikiri, kulinganisha na asilimia 4.1 ya wanaume. Pengo la dodoso ni dogo kuliko pengo la mahakama. Mwanamume anayeonyeshwa utupu na mwanamke asiyemjua huwa haogopi, kwa hiyo haendi polisi. Aghalabu atalisimulia kijiweni kama bahati. Naye mwanamke huyo atachukuliwa kuwa mwendawazimu au kahaba, na kwa vyovyote vile hapelekwi kwa mwanasaikolojia. Pamoja na hayo, wanaowaotea wageni vichochoroni na kuwatisha ni wanaume kwa wingi usio na shaka.

Anayeonyeshwa hubeba mzigo ambao kwa muda mrefu haukupimwa. Katika tafiti zilizofanywa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kati ya theluthi na nusu ya wanawake walioulizwa walisema wamewahi kukutwa na jambo hili. Wanachokieleza si kuona kiungo. Ni sekunde zile za kutojua kinachofuata: je, ataishia hapo, au atanifuata? Baada yake wengi hubadilisha njia, huacha kutoka jioni, hukataa kazi ya zamu ya usiku, au hutembea na funguo mkononi. Wengine hujilaumu kwa kupita walikopita. Wanaoripoti ni wachache, na waliocheka wakati wa tukio huambiwa kwamba hawakuumia, hali kicheko ni moja ya namna mwili unavyojikinga na hofu.

Gharama ya kulidharau jambo hili ilionekana Uingereza mwaka 2021. Wayne Couzens, askari polisi wa London, alimteka na kumuua Sarah Everard mwezi Machi mwaka huo. Ilibainika baadaye kwamba mwaka 2015 dereva mmoja aliripoti kumwona mtu akiendesha gari bila suruali, na taarifa za gari zilielekeza kwa Couzens, lakini uchunguzi ukaachwa. Februari 2021, siku chache kabla ya mauaji, alijifunua mbele ya wafanyakazi wa mgahawa waliokuwa wakimhudumia dirishani, akiwa ndani ya gari lake mwenyewe. Alipatikana na hatia za kujianika mwaka 2023. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Elish Angiolini, iliyotolewa Februari 2024, ilieleza jinsi nafasi za kumzuia zilivyopotezwa, na ikataka kosa hili lichukuliwe kwa uzito katika upelelezi na katika kuajiri askari.

Kisa hicho kisimfanye msomaji aamini kwamba kila anayejianika ni muuaji anayejiandaa. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Matthew McNally na William Fremouw mwaka 2014 yalionyesha kwamba takriban robo ya waliokamatwa hulirudia kosa lilelile, na asilimia 5 hadi 10 huendelea hadi makosa ya kugusa mwili. Wengi, basi, hawaendi mbele. Lakini aliyesimama mbele ya mtendaji kichochoroni hana namna ya kujua yuko kwenye asilimia ipi, na asilimia 5 ya kundi kubwa ni watu wengi. Polisi wanaosema "hakumgusa" na kufunga daftari wameutupa ushahidi ambao pengine ungekuwa wa pekee.

Simu imelipeleka tendo hili mahali ambapo Lasègue hangeweza kufikiri. Mwaka 2015 polisi wa usafiri wa Uingereza walichunguza tukio la mwanamke aliyetumiwa picha za utupu na mtu asiyemjua ndani ya treni mjini London, kupitia huduma ya AirDrop ya iPhone. Huduma hiyo ilikuwa ikimwonyesha mpokeaji picha ndogo ya kinachotumwa ili aamue kupokea au kukataa, maana yake anayekataa ameshaona. Mtumaji yuko ndani ya behewa lilelile, labda anamtazama usoni, na hajulikani ni nani. Ni kichochoro kilekile, ila kimejaa watu. Mwishoni mwa mwaka 2022 Apple ilipunguza ruhusa ya kupokea kutoka kwa yeyote iwe ya dakika 10 tu kila inapowashwa.

Wanaotuma picha za namna hiyo hawafanani wote na mtu wa kichochoroni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Flora Oswald na wenzake, wanaume 1,087 waliulizwa kuhusu tabia hii. Sababu iliyotajwa zaidi na waliotuma ilikuwa matumaini ya kutumiwa nao picha, yaani biashara ya nipe nikupe ambayo upande wa pili haukuialika. Waliotaka kumtia mpokeaji hofu au kinyaa walikuwa wachache. Lakini watumaji kwa jumla walikuwa na majivuno zaidi na dharau zaidi kwa wanawake kuliko wasiotuma. Hapo parafilia na malezi vinachanganyika: wapo wanaosisimkwa na mshtuko, na wapo wengi zaidi ambao hawakufundishwa kwamba simu ya mtu ni mlango wa mtu, na mlango hupigwa hodi. Kundi hilo la pili halihitaji dawa.

Tofauti nyingine inahitajika kwa watu wazima wanaouza au kusambaza picha zao wenyewe kwenye majukwaa ya kulipia. Mtu anaweza kuipinga biashara hiyo kwa dini yake au kwa maadili yake, na wengi Afrika Mashariki wanaipinga. Hata hivyo mnunuzi ameilipia na kuifungua mwenyewe. Kuiita ugonjwa wa kujianika ni kuchanganya dhambi, biashara na maradhi kwenye chungu kimoja, na chungu hicho hakimsaidii hakimu, shehe wala daktari.

Katika Afrika Mashariki kuna utupu wa hadharani wenye nguvu kubwa ambao umesimama mbali kabisa na huu. Tarehe 3 Machi 1992, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, akina mama waliokuwa wamegoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, walivamiwa na polisi kwa virungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale mama walivua nguo zao. Askari vijana walitupa macho pembeni. Aprili 2015 wanawake wa Apaa, kaskazini mwa Uganda, walivua mbele ya mawaziri wawili waliofika kusimamia uwekaji wa mipaka ya ardhi wanayoidai kuwa yao. Katika jamii nyingi za ukanda huu, mama mtu mzima akikuonyesha utupu wake amekulaani, kwa kuwa umemfanya akuonyeshe ulikotoka. Nguvu ya tendo hilo inatokana na uhusiano: yeye ni mama, wewe ni mwana. Anayejianika kichochoroni anahitaji kinyume chake kabisa. Anamhitaji mtu ambaye si mama yake, si dada yake, si jirani, asiyeweza kumtaja jina kesho asubuhi.

Jambo hilo linatoa mwanga juu ya hoja iliyoibuliwa mwaka 1973 na daktari wa Uingereza, Graham Rooth, aliyeandika kwamba kujianika huripotiwa kwa nadra nje ya Ulaya na Amerika. Wapo walioisoma hoja hiyo kama sifa kwa mila za Kiafrika. Sehemu yake huenda ni kweli. Kijijini ambako kila mtu anamjua mtoto wa nani ni nani, mtendaji hana pa kujificha, na aliyekamatwa angepigwa hapohapo bila kufikishwa kwa daktari wala kwenye takwimu. Lakini kutoripotiwa si kutokuwapo. Binti aliyekutwa na jambo hilo mwaka 1973 angemwambia nani, na angeulizwa nini kwanza kama si alikuwa anafanya nini huko? Na miji imekua. Msongamano wa matatu na vituo vya mwendokasi umezaa ugeni uleule wa Paris ya Lasègue: maelfu ya watu walio karibu sana, wasiojuana.

Kwa masikitiko, hasira ya jamii imeelekezwa mara nyingi kwa mtu asiye mkosaji. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine, na wasichana wakashambuliwa mitaani Dar es Salaam. Sheria ya Kupinga Ponografia ilipotiwa saini nchini Uganda mwaka 2014, baadhi ya wanaume waliichukua kama kibali cha kuwavua nguo wanawake barabarani. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake muhimu mwaka 2021. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha mabasi Nairobi, wakidai kwamba amevaa vibaya, na picha za video zikasambazwa. Maandamano yaliyofuata yalichangia Kenya kuweka kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu, kinachotoa kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mtu nguo kwa nguvu. Wanaume wale walijitambulisha kama walinzi wa stara. Kisaikolojia walifanya lile ambalo anayejianika hulifanya: waliutumia utupu kumtia mwanamke hofu mahali pa wote. Mwili uliofunuliwa ulikuwa wa mwanamke, na hapo ndipo tofauti ilipokwisha.

Sheria za ukanda huu hazilitaji jambo hili kwa jina la kitabibu, lakini zinalifikia. Maneno yaliyotumika mengi yana asili moja na kifungu cha 509 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, sheria iliyotumika Tanganyika hadi kanuni mpya ilipoanza mwaka 1930: kuonyesha kitu kwa nia ya kudhalilisha heshima ya mwanamke. Tanzania Bara inashughulikia matendo ya aina hiyo katika kifungu cha 135 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanyiwa marekebisho na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, inahesabu kumwonyesha mtu picha za ngono bila ridhaa yake kuwa tendo la aibu, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya mwaka 2018 inagusa ujumbe wa matusi unaomdhuru mpokeaji. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 31 Januari 2024 kumtumia mtu picha ya sehemu za siri kwa nia ya kumtisha, kumfedhehesha au kujiridhisha ni kosa linalojitegemea, na mtu wa kwanza kufungwa kwa kosa hilo alipewa wiki 66 mwezi Machi mwaka huohuo. Kasoro ya vifungu vinavyozungumzia heshima ya mwanamke ni kwamba vinapima adabu, na kesi huishia kujadili kama mlalamikaji ni mwanamke mwenye adabu. Kifungu kinachouliza kama aliridhia kingemaliza mjadala huo kwa swali moja.

Adhabu peke yake haimalizi hamu. Zamani matabibu walijaribu kuichosha kwa maumivu: mishtuko midogo ya umeme, au harufu mbaya iliyovutwa wakati mgonjwa akilifikiria tendo. Siku hizi msingi ni tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na tabia. Mgonjwa anafundishwa kuutambua mnyororo wake pete kwa pete, tangu ugomvi wa asubuhi mpaka njia ndefu ya hosteli, na kuukata mapema, kwenye pete ya pili au ya tatu, kwa sababu kwenye ya mwisho hana nguvu tena. Anafundishwa pia kuusoma upya ule uso alioutafsiri kuwa umevutiwa. Dawa za sonona za kundi la fluoxetine husaidia baadhi ya wagonjwa kwa kupunguza msukumo na mawazo yanayojirudia. Kwa walio katika hatari kubwa, dawa zinazoshusha homoni ya kiume zinaweza kutumika chini ya daktari bingwa na kwa ridhaa ya mgonjwa, kwani hudhoofisha mifupa na huhitaji vipimo vya mara kwa mara. Ushauri wa viongozi wa dini una nafasi yake katika kumrudisha mtu kwa familia na kwa nafsi yake. Kiapo kisichoandamana na mpango wa kila siku, hata hivyo, ndicho kilekile alichokwisha kukila na kukivunja mara nyingi.

Aliyekutwa na tendo hili ana pa kwenda: Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi Tanzania, na namba 1195 nchini Kenya. Akumbuke saa, mahali, mavazi na namba ya gari, na kama ni picha ya simu asiifute kabla ya kuionyesha polisi. Na mwenye hamu hii naye ana pa kwenda. Kliniki za afya ya akili za Muhimbili na Mirembe nchini Tanzania, Mathari mjini Nairobi na Butabika mjini Kampala huwapokea wagonjwa wanaokuja kwa miguu yao wenyewe, na siri ya chumba cha daktari inalindwa na maadili ya kazi yake. Aende sasa, kabla ya kukamatwa, na kabla ya mwanamke mwingine kubadilisha njia yake ya kurudi nyumbani.